Muhadhara Mkuu Kuhusu Msumeno wa Moto wa Mtumba, Uliotolewa Makindye Bila Kuombwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa baraza la mtaa, LC1, mama katibu, wazee wa Makindye hapa Kampala, na nyinyi vijana wa stendi ya boda boda mliofuata kivuli cha hema. Nawasalimu kwa cheo changu kamili: Profesa wa Kujitegemea wa Elimu ya Misumeno, Mshauri Mkuu wa Mambo ya Matawi, na mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa chama ambacho kwa sasa kina mwanachama mmoja. Uchaguzi wetu hufanyika kwa amani.

Nimepewa dakika tano. Zimeishia kwenye cheo. Basi naanza.

Mvua zikikolea, tawi la mfenesi wako hulala juu ya bati la jirani, na jirani naye hulala mlangoni kwako. Unamwita mkataji, anataja bei, unashika kiuno. Hapo ndipo shetani anapokunong'oneza: nunua msumeno wako mwenyewe, wa mtumba, uwe bwana wa matawi yako. Jambo hili nimelitafakari kwa kina. Nilijiuliza, nikajijibu, nikajipinga, na mwisho nikakubaliana nami kwa kauli moja.

Msomi asiyeanza na historia hudhaniwa fundi, kwa hiyo vumilieni. Nani hapa anajua kwamba msumeno wa mnyororo haukubuniwa kwa ajili ya mti? Kimya. Nilitegemea. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walikuwa na kijinyororo chenye meno cha kukatia mifupa, ukiwemo mfupa wa nyonga wa mama aliyekwama kujifungua. Mwaka 1830 Mjerumani Bernhard Heine akauvisha mnyororo wa namna hiyo kwenye ubapa, akauzungusha kwa mkono. Miti ilisubiri zamu yake. Andreas Stihl alifungua kampuni yake Stuttgart mwaka 1926 na kuanza na msumeno wa umeme. Mwaka 1929 akatoa wa petroli, kilo 46, wa kubebwa na wanaume wawili wanaoelewana. Husqvarna wa Sweden, ambao kiwanda chao kilianza mwaka 1689 kwa kutengeneza bunduki, waliingia kwenye misumeno mwaka 1959. Kwa hiyo chombo hiki kimepitia chumba cha kujifungulia na ghala la silaha kabla hakijafika Salaama Road. Kipeni heshima yake.

Nnyabo pale nyuma anauliza mimi nina misumeno mingapi. Nnyabo, mkunga mwanamume hajawahi kushika mimba hata moja, na watoto wanazaliwa. Tuendelee.

Adui wa kwanza wa mnunuzi ni tamaa ya ukubwa. Mwanamume wa Makindye mwenye miti miwili, mmoja wa parachichi na mmoja wa embe, atakwenda soko la Kisenyi arudi na Stihl 070. Kijana wa Boxer, simama watu wakuone. Keti. Injini ya pikipiki yake ni sisi (cc) 100. Injini ya 070 inaipita kidogo. Msumeno ule, ukishavishwa ubapa wake, unavuka kilo 10, na mingi ya toleo la kizamani haina breki ya mnyororo. Uliundwa kuangusha miti ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki. Wewe unataka kupogoa parachichi! Matumizi ya nyumbani yanadai injini ya sisi 30 hadi 40 na ubapa wa sentimita 35 hivi. MS 180 ya kampuni hiyo hiyo ina sisi 31.8 na uzito wa kilo nne hivi bila ubapa. Najua ni mdogo, na shemeji yako atacheka. Mwache acheke akiwa chini ya ngazi, akikushikia.

Misumeno mikubwa ile hutoka wapi? Hapa naomba umakini, maana ndiko ulikolala utafiti wangu. Mbao nyingi zinazoshushwa kwenye soko la mbao la Ndeeba zimetoka mbali, nyingine zimevuka mpaka wa Kongo kutoka Ituri na Kivu ya Kaskazini. Na nyingi hazikupasuliwa kiwandani. Zilipasuliwa papo hapo msituni, gogo likiwa chini, mtu amesimama juu yake na msumeno mkononi, akichana ubao mmoja baada ya mwingine kufuata nyuzi za mti. Kazi hiyo huila injini. Kukata tawi ni sekunde kadhaa kisha mashine inapumua. Kuchana ubao wa futi kumi na nne ni injini kupiga kelele kwa nguvu zote, joto likipanda, vumbi likijaa kwenye mapezi ya silinda. Msumeno ukishachoka huko hauzikwi. Hupanda lori, huoshwa kwa petroli, hupakwa rangi, hubandikwa stika, na huwekwa kwenye meza ukikusubiri wewe.

Muuzaji atakwambia ulikuwa wa mzungu aliyehama Munyonyo. Misumeno yote ya mtumba ya Kampala ilikuwa ya mzungu aliyehama Munyonyo. Kwa hesabu zangu, mtaa ule ungekuwa na wazungu wakata miti wengi kuliko Sweden. Usibishane naye. Inama utazame meno ya mnyororo. Msumeno wa kukata miti kwa kukatiza hunolewa kwa mshazari wa digrii 30 hivi. Anayechana mbao hunoa meno karibu yanyooke, digrii 10 tu. Ukiona meno yametazama mbele wima, basi mzungu wa Munyonyo alikuwa akipasua mivule. Muuzaji mjanja atakuwa amebadilisha mnyororo, na hilo nalo ni ushahidi: mnyororo mpya unaong'aa juu ya gia iliyochimbika mifereji. Gia ya kuzungushia mnyororo huzeeka pamoja na mnyororo wake. Mmoja akiwa kijana na mwingine mzee, uliza ndoa ilifungwa lini.

Kuna pia mapacha wa bandia. Miundo ya 070 na 381 imeigwa sana huko China, rangi zile zile za chungwa na kijivu, na bei ya kukutoa machozi ya furaha. Stihl halisi ina namba ya tarakimu tisa iliyogongwa kwenye mwili wa injini. Isiwe ya karatasi. Pitisha kidole: ukihisi gundi, ondoa kidole na pochi kwa pamoja.

Sasa ukaguzi. Kanuni ya Kwanza ya Profesa, ambayo nimeisajili kichwani mwangu: mashine ikutwe baridi. Ukifika ukaukuta msumeno unanguruma, muuzaji akasema ameuwasha kukukaribisha, mshukuru kwa ukarimu, nenda ukale rolex mbili za chapati na mayai, rudi ukipoa. Injini iliyochoka inaweza kuwaka vizuri ikiwa na moto na kukataa ikiwa baridi, na wewe nyumbani utaianza ikiwa baridi. Gusa mafla, kile kisanduku cha kutolea moshi, kwanza. Mkono ni kipimo kisichohitaji betri.

Kisha shika kishikio cha kamba ya kuwashia, swichi ikiwa imezimwa, uache msumeno uning'inie kwa kamba hiyo. Wenye kompresheni nzuri utashuka kwa kusitasita, ukigota kila pistoni inapopanda. Ukiporomoka moja kwa moja bila kusita, pete zimekwisha. Fundi mwenye geji atakupa namba: ikizunguka 150 kwa kipimo cha psi, mshike mkono, ikiwa chini ya 100, mshike bega umpe pole.

Mzee ameinua mkono. Shusha, mzee, nafika huko huko.

Sasa jambo ambalo lingetosha kuwa muhadhara peke yake, na huenda Ijumaa ijayo likawa. Fungua mafla. Ni nati au skrubu chache tu. Ukiiondoa, utaona tundu la kutolea moshi, na ndani yake ubavu wa pistoni. Vuta kamba polepole ipande na kushuka, umulike kwa tochi ya simu. Pistoni yenye afya ina ubavu laini, na mistari ya kiwandani bado inaonekana. Iliyougua ina michirizi ya wima, mirefu, inayokwaruza ukucha. Michirizi hiyo ni cheti cha kifo kilichotiwa saini na oili.

Injini hizi hazina tangi la oili kwa ndani. Hulainishwa na oili ya 2T iliyochanganywa na petroli, na hakuna njia nyingine. Kwa oili nzuri inayoruhusu sehemu moja kwa hamsini, lita 5 za petroli huchukua mililita 100; kwa oili ya kawaida ni mililita 200. Mtu akija mbio kutoka kituo cha mafuta na petroli tupu, pistoni inaweza kukwama kwenye silinda kabla hajamaliza tawi la kwanza. Kabureta iliyobanwa mafuta ili mashine ipige kelele tamu sokoni huua vilevile, taratibu. Ndiyo maana nasema plagi isiulizwe peke yake: ya kahawia ni njema, nyeupe inaashiria mafuta kidogo na joto jingi, lakini plagi ni mpya kwa shilingi kidogo. Pistoni haibadilishwi kwa ajili yako.

Muuzaji akikataa mafla kufunguliwa, akakuambia itavuja, au bolti zake ni za Ujerumani, au fundi mwenye spana amekwenda kuzika, hapo umeshaona pistoni.

Mengine napita haraka, maana naona masufuria yanafunuliwa. Msumeno ukiwaka na kutulia bila kuongezwa mafuta, mnyororo usizunguke. Ukizunguka, klachi au kabureta ina neno. Elekeza ncha ya ubapa kwenye kipande cha mbao nyeupe, ongeza mafuta, na mstari wa oili uchorwe. Bila oili ya mnyororo ubapa huungua ukawa wa bluu. Tikisa gurudumu la sumaku. Likicheza, beringi zimeaga.

Breki ya mnyororo sipiti haraka. Stihl walianza kuiweka mwaka 1972, na sababu ni hii: robo ya juu ya ncha ya ubapa ikigusa kitu, msumeno hupiga teke kuelekea uso wako, kasi kuliko unavyoweza kutamka jina la mama yako. Sukuma kile kikingio cha mbele mashine ikiwa inazunguka. Mnyororo usimame papo hapo. Usiposimama, hakuna punguzo la bei linaloufanya ununulike. Hapo sitanii, na nimetania tangu nisimame.

Karatasi. Andikeni agrimenti, namba ya msumeno iwemo, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, mashahidi wawili, na muhuri wa mwenyekiti wa LC1, ambaye ananitazama kwa upendo mpya. Kanuni ya Adhabu ya Uganda humwadhibu anayepokea mali ya wizi huku akijua, na sijasikia polisi wa Katwe wakikubali utetezi wa mzungu wa Munyonyo. Na kabla hujakata mti mzima, ulizia ofisi ya divisheni ya mamlaka ya jiji, KCCA. Mti kuwa ndani ya ua wako hakumaanishi uko nje ya mji.

Hukumu yangu, ambayo haina rufaa. Mwenye mti mmoja au miwili asinunue kitu. Amlipe mkataji mwenye kamba, kofia ngumu na msaidizi, kisha wagawane kuni. Mwenye kiwanja chenye miti ya kumsumbua mwaka mzima anunue msumeno mdogo, ulio baridi, wenye breki inayoshika, kutoka kwa mtu anayekubali mafla ifunguliwe mbele yake, na atenge pesa ya mnyororo mpya, miwani na buti kabla hajalipa. Mengine yote ni biashara ya watu wa stika. Maswali yaletwe kwa maandishi.