Yai Bichi la Bogoria

Yai lililozamishwa katika chemchemi za maji moto za Loburu, kando ya Ziwa Bogoria, kisha likamwagika bichi ndani ya mkono wa shati la msafiri kutoka Nakuru, mbele ya wanafunzi wa shule ya msingi waliokuwa ziarani, linastahili uchunguzi wa kina, hata kama mwenye shati angependelea lisitajwe kabisa.

Sayansi haina lawama hapa. Mvua inayonyesha katika nyanda za juu kandokando ya Bonde la Ufa hupenya ardhini kupitia mipasuko iliyoachwa na mabamba ya dunia yanayozidi kuachana, na kushuka hadi kwenye miamba inayopashwa moto na magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Huko chini mgandamizo huyazuia maji kuchemka ingawa joto limepita nyuzi 100, lakini yanapopanda na mgandamizo kupungua, sehemu yake hugeuka ghafla kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaoyarusha hewani yaliyobaki. Chemchemi irukayo hivyo huitwa gisa. Kwa kuwa ziwa liko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji hapo huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, nazo zinalitosha kabisa yai, ambalo ute wake hukaza vizuri zikifika 80.

Haya yote yalifafanuliwa kwa ufasaha na rafiki wa msafiri, mwalimu wa jiografia, huku ameshika uzi uliofungwa soksi yenye mayai (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini 2017), akiwa amejitenga na mvuke, pale ambapo maji yameshatambaa mbali na kupoa. "Mzee, hapo watu huosha miguu," alisema mtoto mmoja baadaye, kwa adabu iliyozidisha uchungu.

Msafiri alikuwa amelipa kiingilio ili apate fursa hiyo. Waendorois, ambao matambiko yao hufanyika kando ya ziwa hilohilo, waliondolewa kuanzia 1973 ili kupisha hifadhi ya wanyama. Walishtaki 2003, na uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ulioidhinishwa 2010, uliitaka Kenya iwarudishie ardhi ya mababu na kuwaachia walifikie ziwa bila vizuizi kwa ibada na malisho. Utekelezaji umesuasua tangu hapo, na hilo halichekeshi hata kidogo, kwa kuwa serikali haijawahi kusuasua katika kukata tiketi.

Heroe, waliotajwa kuwa sababu rasmi ya safari, walikuwa ng'ambo ya ziwa. Bango la Ikweta la Mogotio lilipigwa picha kupitia dirisha la matatu, kikatokea kiwiko cha makanga.