Fuko na Lango la Mwene Ngiri

Paliondokea ngiri mmoja, mwene wa nyanda zote za juu zinazoizunguka Sumbawanga, ambaye hakupata kushika jembe maishani mwake. Kila mvua zilipokolea, fuko walikwea Lyamba lya Mfipa kutoka Bonde la Rukwa wakamlimia intumba: majani yakalazwa, udongo ukarundikwa juu yake, yakaoza humo yakawa mbolea, na maharage yakastawi.

Mwaka mmoja wakaja tai, wageni wa heshima kutoka ng'ambo ya bahari, wakalakiwa kwa ngoma na pombe ya ulezi. Nao, baina ya wimbo na wimbo, wakapiga chafya. Haikupita juma, baraza zima likawa hoi. Tai wakasindikizwa kwa zawadi, kisha ikakatwa shauri kwamba maradhi yamo makuchani mwa fuko, maana watembeao chini ya ardhi hawakosi la kuficha. Lango likafungwa.

Kongoni mzee akakumbusha kuwa mwaka 1918, Wajerumani waliposalimu amri Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, homa ya mafua iliwashukia wapagazi wa vita, ambao wengi wao walitwaliwa kwa nguvu, wala si wao walioiita. Akaambiwa historia si dawa.

Mizigo, hata hivyo, iliendelea kuingia, kwa kuwa tabibu Kasuku alithibitisha kwamba gunia halipigi chafya. Nani amelibeba hadi langoni, hilo halikuulizwa. Na panya, ambao njia zao hazijapata kuhitaji kibali, wakaneemeka msimu ule kupita kiasi, huku Nyani mlinzi akiota kitambi kwa karanga asizozipanda.

Masika yakaanza kuaga. Ngiri akalima mwenyewe kwa pua, akapata kilima kimoja, akakizindua kwa hotuba ndefu. Udongo ulipoanza kukakamaa, baraza likagundua kuwa ugonjwa ule hauambukizi mchana: fuko waingie alfajiri, walime, watoke jua likizama, nao waitwe mashujaa wa ufalme.

Mjumbe akateremka bondeni na tarumbeta. Mzee wa fuko akamsikiliza hadi tamati, akauliza ujira wa msimu uliopita uko wapi.

“Shauri hilo, mzee wangu, bado liko kwenye kamati.”

“Basi mfikishie Mwene salamu zetu,” akajibu, “umwambie kilima chake akipande mapema.”