Pua Imekosa Nini?

Mh! Jamani, mji huu! Kaa kwenye benchi la kahawa Mwananyamala, au vuka uende Tandika, kisha tazama pua zinazopita. Zamani pua yenye pete katikati ilikuwa ya dume la ng'ombe lililoshushwa mnadani Pugu. Siku hizi ni ya binti wa jirani, ya dogo wa bodaboda, ya kinyozi, hata ya yule kijana anayekaanga chipsi. Pete imepita katikati kabisa, ina vigololi viwili vinavyoning'inia juu ya mdomo. Wazee wenzangu wakiiona wanasahau kahawa. Mmoja anavuta astaghfirullahi ndefu, mwingine anatangaza kwamba dunia imekwisha.

Haijaisha, wazee wangu. Bibi zetu wa pwani, Unguja mpaka Lamu, walitia vipini na hazama puani, wakaolewa nazo na wakazeeka nazo. Akina mama wa Kimakonde walitoga mdomo wa juu wakatia ndonya ya mpingo. Wamasai wanaotulindia mageti usiku, masikio yao mmeyaona. Nani aliwaitia kikao cha ukoo? Watu wa huku wamejitoboa tangu hapo, kwa hiyo kijana akitaka pete, na atie pete. Mimi kinachonikereketa ni tundu lenyewe: linatobolewa na nani, kwa kitu gani, na likishatobolewa linapakwa nini. Hapo ndipo unaposhika kichwa kwa mikono miwili!

Sikio tulilitoga kwa mwiba wa mlimau. Mtoto analia, bibi anapitisha uzi, baadaye anachomeka kijiti cha chelewa, kwisha kazi. Hata huko wengine walioza masikio, ila hatupendi kuyasema. Ndewe ya sikio ni nyama tupu. Pua haiko hivyo. Bana ukuta wa katikati ya pua yako kwa vidole viwili (nawa kwanza). Kule ndani utasikia kitu kigumu: hilo ni gegedu. Mbele yake, kabla hujafika kwenye nyama nene ya ncha, kuna mahali pembamba panapobonyea. Tundu linapita hapo. Anayeijua kazi anapatafuta hapo kwa subira, anatia alama, anapima kama pamenyooka, ndipo anashika sindano mpya iliyofungwa kwenye pakiti yake. Gegedu halina mishipa ya damu ya kwake, linalishwa na utando uliolifunika. Ukilitoboa ovyo, damu ikavilia chini ya utando ule au usaha ukaingia, gegedu linaweza kufa, na pua ikabonyea katikati moja kwa moja.

Sasa sikilizeni mambo ya uani. Binti mmoja wa huku Temeke, mtoto wa mtu ninayemheshimu, aliambiwa elfu kumi na fundi. Akalia njaa! Akashusha mpaka elfu tano, akafurahi, akahadithia mtaa mzima. Hakujiuliza ile elfu tano iliyopungua imepunguzwa kwenye nini. Jamani, imepunguzwa kwenye sindano! Wengine wanatumia ile bunduki ya kutobolea masikio, chombo kinachosukuma hereni butu kwa nguvu na kuponda nyama, na mwili wake wa plastiki hauvumilii mvuke wa nyuzi 121 unaoua vijidudu. Mafundi wa hivyo wanaipangusa kwa pamba yenye spiriti, wanaita "Anayefuata!" Na kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7. Damu ya mteja wa Jumatatu inamngoja mteja wa Jumamosi. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002, kwa hiyo dada na kaka wakubwa wengi wanakwenda kwenye kiti kile bila kinga yoyote.

Haya, tundu limetoboka. Ndipo kila mpita njia anageuka daktari. Shangazi kaleta mafuta ya nazi. Shoga kasema dawa ya meno. Jirani kaleta kapsuli ya rangi mbili, wakaifungua, wakamwagia unga wote kwenye kidonda, ukaganda na makamasi ukawa ugaga wa manjano. Kila asubuhi mtoto anauzungusha ule ugaga pamoja na pete, eti isishikane na nyama. Loo! Kuizungusha ndiko kuchana nyama inayoanza kushikana. Spiriti nayo inaiunguza.

Kidonda kile kinataka maji ya chumvi, basi. Duka la dawa lolote lina dripu ya chumvi, ile ya asilimia 0.9. Ukikosa, chemsha maji, yaache yapoe, tia robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe. Lowesha pamba safi, shikilia mpaka ugaga ulainike, mara mbili kwa siku. Kwa wengi, wiki 6 mpaka 8 panatulia. Wengine huenda miezi. Na pete iwe ya titani au dhahabu ya kweli, maana zile za kung'aa za bei ya karanga huwa na nikeli, na nikeli inawasha.

Lakini nani ana subira? Simama kituo cha Mbagala Rangi Tatu jioni, utamwona binti kageukia ukuta, kioo cha simu mbele, vidole vilivyotoka kushika bomba la daladala viko puani. Anaikunja pete kwa juu ijifiche, mama asiione. Asubuhi anaishusha tena. Kidonda kibichi hicho! Kikimvimba, anang'oa pete mwenyewe, tundu linafumba na usaha umebaki ndani. Kikivimba, ni kwenda hospitali huku pete ikiwa bado puani, hasa homa ikianza au uso ukivimba, kwa sababu mishipa ya eneo la pua ina njia ya kufika kwenye ubongo. Ukimwambia anakujibu, "Babu, hizo ni za zamani." Sikio la kufa halisikii dawa, na sasa pua nayo imefuata!

Juzi kaja mwingine kijiweni. "Shikamoo babu, eti wapi wanatoboa bei chee?" Marahaba mjukuu wangu. Nikamwonyesha duka la dawa ng'ambo ya barabara, nikamwambia akanunue dripu kwanza, kisha akamtafute fundi atakayekubali kuifungua pakiti ya sindano mbele ya macho yake. Kasonya, lakini kavuka barabara.