Muulize Shangazi Kibodi: Tetesi za Mashine Mpya

*Shangazi, shikamoo. Nina steshenari Kilosa mjini. Kompyuta yangu imechoka, nikiiwasha nafunga duka, nakunywa chai, narudi bado inajifikiria. Nimejichanga ninunue nyingine, ila mtoto wa dada yangu ananizuia: eti nisubiri, Apple wako mbioni kutoa mpya, tetesi zimezagaa. Huu mwezi wa nne. Wateja wa kopi na wa kujaziwa fomu za mkopo wa chuo wamehamia kwa jirani.*
*Msubiri, Kilosa*

Marahaba mwanangu. Huyo mpwa wako anakula kwako? Nauliza tu.

Kabla Steve Jobs hajaionyesha iPad mwaka 2010, wajuzi walishaipa jina, iSlate, na bei wakaipanga: dola 1,000 hivi. Tarehe 27 Januari mwenyewe akapanda jukwaani. Jina silo, na bei inaanzia dola 499. Na hao ndio waliokaa jirani na jiko, sembuse mpwa wako na bando lake la wiki! Dereva anayekatiza hifadhi ya Mikumi akisikia kuna tembo mbele hupunguza mwendo. Hapaki lori siku tatu kumngoja.

Isitoshe, mashine yako wewe hakuna atakayeipandia jukwaani. Ni Dell, HP au Lenovo iliyomaliza utumishi kwenye ofisi za Ulaya, ikapakiwa kwenye kontena, ikaibukia Kariakoo. Tangazo linalokuhusu lilishatoka zamani: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel huanzia kizazi cha nane, ukiacha chache mno. Wenye ofisi zao wanazitoa za chini ya hapo, na muuzaji atakusukumia kwa tabasamu pana.

Basi panda treni ya mwendokasi hapo hapo Kilosa, uende. Dukani usibabaishwe na kioo kilichong'arishwa. Fungua mipangilio usome namba ya prosesa. Ukikuta i5-7300U, hicho ni kizazi cha saba, mrudishie. Ukikuta i5-8350U, anza kupatana bei. Na mkiwa mnapatana, chomoa chaja kimyakimya. Betri mbovu haitavumilia maneno yenu.

*Shangazi, mume wangu ana duka la vipuri Mikumi, barabara kuu. Kila Septemba, usiku wa Apple kutangaza, chakula kinapoa, haji mezani. Hajawahi kumiliki hata chaja yao.*
*Mke wa Mchambuzi*

Pole bibie. Kwa kawaida wao huanza saa nne asubuhi kule California, ambayo kwetu ni saa mbili usiku, wali ukiwa ndiyo unapakuliwa. Mpelekee sahani alipo. Usiku mmoja si kitu. Mimi naogopa zile wiki za kabla, anapowachambulia kamera wateja waliofuata plagi za pikipiki. Akikuapia kwamba safari hii ni uhakika, mtajie AirPower. Hiyo pedi ya kuchajia haikuwa tetesi, Apple waliitangaza wenyewe Septemba 2017. Machi 2019 wakaifuta, hawajauza hata moja. Atanyamaza angalau mpaka amalize kula.

*Shangazi, niko standi ya Mikumi. Kuna jamaa mtandaoni nimeshamlipa nusu ya kompyuta itakayotangazwa mwezi ujao. Anasema mzigo wa kwanza anao yeye, nimalizie kabla hazijagombaniwa. Nimalizie?*
*Mwenye Oda*

Kampuni yenyewe haijasema kama kitu hicho kipo, yeye ana mzigo! Usimalizie. Kama ulimtumia kwa simu, piga leo huduma kwa wateja wa mtandao wako, kisha ukaripoti polisi, na ujumbe wake usiufute. Hiyo nusu kwa sasa iandike kwenye daftari la michango, katikati ya harusi na kipaimara. Akikupigia tena, mwambie na Shangazi anaitaka moja, rangi yoyote, atalipa akiishika mkononi.