Wazimu wa Dakika Tano za Mwisho

Nimechoka na vichaa wa sinema. Wakiwa kizimbani wanatetemeka, wanaweweseka, hawajui kama leo ni Jumatatu au ni Idi. Hukumu ikishasomwa tu, akili zinarudi, mashati yanachomekwa, na wakili anapigwa jicho. Mimi niliyewalilia saa nzima nabaki na leso mkononi.

Aliyenimaliza kabisa ni yule kijana wa Primal Fear, filamu ya 1996 iliyotokana na riwaya ya William Diehl. Ni mtumikiaji wa altare huko Chicago, mpole, ana kigugumizi, na anashtakiwa kwa kumuua askofu mkuu. Edward Norton ndiye aliyemcheza, ikiwa filamu yake ya kwanza. Tunaambiwa ndani ya kijana huyo anakaa mtu mwingine, mkorofi, ambaye ndiye muuaji. Mahakama inamhurumia, anaagiziwa hospitali, halafu kule mahabusu kigugumizi kinayeyuka. Kumbe alikuwa anaigiza tangu mwanzo. (Kama hujaitazama, niwie radhi, lakini muda umepewa wa kutosha.)

Filamu yenyewe nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na shemeji yangu, ambaye amehitimu sheria kwenye sofa langu. Juzi nimerudi kutoka kazini, nafunua sufuria, mchuzi upo, nyama haipo. Kumuuliza, akalegeza macho.

"Shemeji, si mimi. Ni yule mwingine."

Nikafungua mahakama palepale. Kwa bahati mbaya yake, sheria ya kupima wazimu wa mshtakiwa ninaijua kidogo. Chimbuko lake ni London, Januari 1843, pale Daniel M'Naghten, Mskoti fundi wa mbao, alipompiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Mtu yule aliamini kwa dhati kwamba chama cha Tory kinamwandama usiku na mchana. Akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, Malkia Victoria akachukia, na majaji wakaitwa bungeni waeleze wazimu gani hasa unamwokoa mtu. Jibu lao, kwa kifupi: awe na maradhi ya akili yaliyomfanya asijue anachokitenda, au asijue kwamba ni kosa. Na kila mtu anahesabiwa kuwa timamu mpaka athibitishe vinginevyo. Wakoloni wakalisafirisha wazo hilo hadi huku, na limo mpaka leo katika kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania.

"Ulijua kwamba ile ni nyama?"

"Ya mbuzi, shemeji. Tena ilikuwa laini."

"Ulijua kuila ni kosa?"

Kimya.

"Na mifupa uliifukia nyuma ya banda la kuku kwa sababu gani?"

Mke wangu, ambaye ni dada wa mshtakiwa, akaomba shauri liahirishwe.

Shemeji hajui, na filamu hazimwambii, kwamba kushinda kesi ya namna hii si kupewa nauli ya kurudi nyumbani. M'Naghten alishinda, akafungiwa hospitali ya Bethlem, baadaye ya Broadmoor, akafia huko 1865. Hiyo ni miaka 22 ya ushindi. Kwetu nako mtu wa namna hiyo anaweza kuwekwa hospitalini, na ndiyo maana ipo hospitali ya Isanga kule Dodoma. John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Reagan 1981, alionekana hana hatia mwaka uliofuata, lakini masharti ya mwisho ya mahakama yaliondolewa juu yake Juni 2022.

Sasa tazama A Time to Kill, ya John Grisham. Baba mmoja wa Mississippi anawaua waliombaka binti yake, wakili anadai akili zilimruka, na filamu inaishia kwenye karamu ya nyama choma nyumbani kwa baba huyo. Sikuona daktari wala kidonge, na hakuna hata aliyeuliza mgonjwa wetu anaendeleaje!

Ninayemvumilia ni John Voelker peke yake, jaji wa Michigan aliyeandika Anatomy of a Murder kwa jina la Robert Traver. Alikuwa amewahi kutetea kesi ya namna ileile, kwa hiyo anajua harufu ya mahakama. Katika filamu ya 1959, askari anayedai alishikwa na msukumo usiozuilika anaachiwa, kisha anatoroka bila kumlipa wakili. Ameacha kijibarua tu: eti ameshikwa na msukumo usiozuilika wa kuondoka. Mtu anayekumbuka kukwepa deni ni timamu kuliko mimi.

Utafiti uliofanywa katika majimbo 8 ya Marekani, uliochapishwa 1991, ulikuta utetezi wa wazimu ukitumika katika kesi kama 1 tu kwa kila 100 za makosa makubwa, na robo tu ya waliojaribu ndio waliofaulu. Kwenye sinema, wote wanajaribu na wote ni waongo. Anayeumia ni mgonjwa wa kweli, maana tumeshazoea kumsubiri akonyeze.

Enyi waandishi wa filamu zetu, najua mnaiga na sitawazuia. Ila safari hii mleteni mshtakiwa anayeumwa kweli, muwe na daktari anayempima kwa siku kadhaa badala ya dakika mbili, na tafadhali sana, daktari huyo asiuawe kabla hajatoa ushahidi.