Naomba Kusajiliwa Kuwa Chura

Kwa Waheshimiwa Mnaowasha na Kuzima,

Salamu kutoka Hewa Bora, mtaa ambao jina lake tunalicheka kila jioni, moshi wa mbabula, majiko yetu ya makala, unapokutana na moshi wa jenereta. Umeme mliuchukua Jumanne, na kwa kuwa pampu nayo hula umeme, maji yakaufuata. Kwa heshima zote naomba jambo moja: mnisajili kuwa chura.

Si chura yeyote. Nataka cheo cha yule wa Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania, wa manjano, asiyefika sentimita 3. Wataalamu walimkuta 1996, bwawa la umeme likiwa limeshaanza kujengwa. Maisha yake yote ni kwenye manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji yakageuzwa yaende kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Wakubwa wakafanya nini? Wakamtandazia mabomba bondeni yamnyunyizie mvua ya bandia! Tena karibu 500 wakapandishwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York.

Nimeshaiwaza safari yangu. Mtanitia kwenye kisanduku chenye ukungu pamoja na mama mkwe, ambaye ameshauliza kama Bronx wanapika bukari, ugali wetu. Mwenye koti jeupe atanipima joto asubuhi na jioni. Nikikohoa, kikao kinaitishwa. Taa itazimwa kwa saa yake, na mtu ataandika daftarini kwamba imezimwa. Wenzangu walirudishwa Dar es Salaam 2010, na 2012 wakaanza kuachiwa bondeni. Miaka 12 si kitu. Kusubiri tumezoea.

Sifa ninazo. Chura huyo hatagi mayai, huzaa vyura kamili. Watoto wetu nao huzaliwa wakijua kubeba bidoni za maji.

Ila yeye alinyang'anywa maji ili watu wapate umeme. Sisi tumenyang'anywa maji ili nani apate nini? Tangu 1982 waya wa umeme wa bwawa la Inga unavuka kilomita zaidi ya 1,700 hadi Kolwezi, kama tajiri asiyesalimu, ukikimbilia migodini. Mwezi uliopita nyama ya kilio cha shangazi ilioza frijini. Waombolezaji wakala bukari na chumvi, na asubuhi fakitire yenu, bili ya umeme, ikafika kabla ya padri. Mnalalaje, ninyi?

Nisameheni. Ni moshi wa makala tu, umeniingia machoni.

Mengine ni madogo: msikate umeme timu ya Mazembe ikipiga penalti, mlipe friji ya jirani iliyoungua, na fakitire ije mchana tuweze kuisoma.

Najua nimezidi kipimo, nina mita 1 na sentimita 72. Lakini kilo zinashuka kila mwezi. Mtumeni mtu aje anipime, na asisahau tochi.

Wenu mtiifu,
Mwombaji wa cheo cha chura, Hewa Bora