Kukimbia Baridi kwa Trela

Kwa wakazi wa kaskazini mwa Marekani, msimu wa baridi wa matamasha ya muziki wa asili unaweza kuanzia Michigan mwishoni mwa Januari na kuishia Florida mwezi Machi. Msafiri hufunga nyuma ya pikapu trela yenye kitanda, jiko, choo na bomba la maji, akiwa na madhumuni mawili: kusikiliza gitaa, banjo na fidla, na kuikimbia theluji. La kwanza hutimia. La pili hukwama kwa sababu za kimaumbile. Trela iliyolala nje tangu Oktoba huwa imeshajaa baridi kabla hata ya kutiwa blanketi moja, na mwenye nayo huondoka nayo.

Kituo cha kwanza ndicho chepesi kuliko vyote. Ann Arbor Folk Festival hufanyika kila Januari ili kuichangia The Ark, klabu ya muziki iliyoanzishwa mwaka 1965. Wasikilizaji hukaa ndani ya Hill Auditorium, ukumbi wa mwaka 1913 wenye viti zaidi ya 3,000, joto la kutosha na vyoo vinavyofanya kazi. Trela haihitajiki kabisa. Imeegeshwa uani kwa shemeji, katika usiku wa nyuzi 10 chini ya sifuri, na huko ndiko hasara ya mwezi mzima inakotayarishwa.

Chanzo chake ni maji. Yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na bomba la plastiki halina pa kuiweka nyongeza hiyo. Kwa hiyo kabla ya majira ya baridi mabomba humwagwa maji, kisha hujazwa dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, ambayo haina sumu kama ile ya rejeta. Kazi hii ina makosa matatu yanayojulikana. La kwanza ni kusahau kulitenga tangi la kuchemshia maji, ambalo hubeba lita 23 hivi. Tangi hilo huinywa dawa yote, na mabomba yakabaki makavu ya kiu. La pili ni kutosuuza vya kutosha wakati wa kuondoka, na matokeo yake ni kahawa ya asubuhi yenye utamu ambao hakuna aliyeuomba. La tatu ndilo kubwa: kubakiza kiasi cha glasi moja ya maji kwenye kiwiko cha bomba la bafu. Kiwiko hupasuka, lakini hakivuji Michigan, kwa kuwa barafu iliyokipasua ndiyo iliyokiziba. Huvuja Georgia, siku ya kwanza ya joto, saa tisa usiku, juu ya sanduku la gitaa.

Kutoka Michigan msafiri hushika barabara kuu ya I-75, inayoanzia mpakani mwa Kanada na kuteremka zaidi ya kilomita 2,800 hadi karibu na Miami. Ohio humwagia barabara zake chumvi ili theluji iyeyuke, na trela hufika Kentucky ikiwa nyeupe kama ng'onda. Huko kambi nyingi zimefunga mabomba ya nje hadi machipuko, na mlinzi huwaeleza wageni kwa upole kwamba umeme upo, nafasi zipo, na maji watayakuta Florida.

Usiku wa kwanza njiani ndipo elimu ya joto inapopatikana. Trela ya kawaida hubeba mitungi miwili ya propani, kila mmoja kilo 9 hivi. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Kentucky haiisumbui. Gesi haigandi, huisha tu, na saa yake ya kuisha ni ile ile ya bomba kuvuja. Palipo na gesi, kwa aliyelala nje ya kambi tatizo huhamia kwenye umeme. Hita inahitaji feni, feni inahitaji betri, betri inahitaji joto ili itoe nguvu zake zote, na joto linatoka kwenye hita. Anayeamua kuwasha jiko ili apate joto hugundua kwamba kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Maji hayo hupanda kama mvuke, hugusa dari baridi na kurudi kama manyunyu juu ya mito. Kengele ya hewa ya sumu nayo huanza kulia, na ina haki.

Jambo linalobaki ni tangi la choo. Valvu yake iko chini ya trela, mahali penye upepo kuliko pote, na ikiganda haifunguki kwa nguvu wala kwa maneno. Dawa inayotumika ni mashine ya kukaushia nywele. Mtu mzima, pengine mstaafu mwenye heshima zake, hupiga magoti kwenye theluji akiwa na waya mrefu wa umeme nyuma yake, akilipuliza bomba la maji taka kwa uangalifu wa kinyozi. Wenzake wa kambini husimama pembeni wakiwa na vikombe mikononi. Kila mmoja ana ushauri, na hakuna mwenye glavu za akiba.

Mara baada ya kuingia Florida, barabara hupita jirani na White Springs, mji wa bustani ya kumbukumbu ya Stephen Foster, kando ya mto Suwannee. Florida Folk Festival imefanyika hapo tangu 1953, lakini desturi yake ni mwisho wa Mei. Anayefika Februari hukuta nyasi tupu na ukimya, na nafasi ya kutosha kuyasoma maelezo ya bustani. Humo hujifunza kwamba Foster, aliyeufanya mto huo kuwa maarufu kwa wimbo ambao sasa ni wimbo rasmi wa jimbo, hakuwahi kuuona. Alilichukua jina kwenye ramani, akiwa mbali. Mtu aliyetoka kumwaga tangi kwenye theluji huiona busara ya njia hiyo.

Tamasha la kwanza la kupiga kambi hasa ni la bluegrass, Februari, Palatka, kando ya mto St. Johns. Bluegrass ilipata jina kwa Blue Grass Boys, bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, na desturi ya kukesha uwanjani siku kadhaa mfululizo ilishika mizizi baada ya tamasha la Fincastle, Virginia, mwaka 1965. Kabla ya muziki kuna rivasi. Usukani ukikatwa kushoto, trela huenda kulia. Dereva wa lori analijua hilo usingizini, lakini mstaafu hulijua siku ya pili. Mkewe husimama nyuma kama utingo, akipunga mkono na kusema "njoo, njoo, njoo", mpaka mti wa mwaloni uingilie kati. Nafuu ipo: dereva ashike usukani kwa chini, kisha ausogeze mkono upande anaotaka trela iende. Ushauri huu hutolewa na jirani, na hutolewa baada ya mwaloni.

Asubuhi watu huwahi kupanga viti vyao vya kukunja mbele ya jukwaa, kisha huondoka. Kiti kitupu huheshimiwa kama mwenyewe yupo. Jioni wenyewe huja na mablanketi, kwa kuwa usiku wa Februari kaskazini mwa Florida unaweza kukaribia sifuri, na msafiri huanza kuhisi kwamba kuna kitu kimemfuata. Vyombo navyo vina malalamiko yao. Gitaa la mbao hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Nyumba ya Michigan yenye hita hulikausha likasinyaa, hata nyuzi zikaanza kugonga pasipotakiwa, na hewa ya Florida hulivimbisha. Banjo, mjukuu wa vinanda vya Afrika Magharibi kama akonting, ilikuwa ikiteseka zaidi enzi za ngozi halisi. Siku hizi hufunikwa kwa plastiki, na haina tena kisingizio.

Muziki mtamu zaidi hupatikana mbali na jukwaa, kwenye duara za viti kati ya trela. Duara moja hubeba besi moja, fidla mbili na magitaa yasiyo na idadi. Banjo ya kwanza hupokewa kwa furaha, ya pili kwa adabu, ya tatu huelekezwa kwa majirani. Mahali pa duara hapapangwi na mtu. Mara nyingi ni mbele ya trela iliyoharibika, kwa kuwa aliyekuja kuazimisha spana alikuja na mandolini begani, aliyeleta tochi ana gitaa, na bomba likishafungwa hakuna anayeona sababu ya kuondoka. Wenye trela nzima hulala mapema, na kuta zao nyembamba huwapa tamasha hilo hilo hadi alfajiri bila kiti.

Machi wengi huteremka hadi karibu na Brooksville kwa tamasha la kumuenzi Will McLean, mtunzi wa nyimbo za Florida aliyefariki mwaka 1990. Wakati huo hewa ni ya joto, kiwiko kimebadilishwa, na adui aliyebaki ni mchanga unaomeza magurudumu mpaka trekta liitwe. Kisha huja suala la kurudi. Michigan bado inaganda usiku mwezi Machi, maana yake mabomba yamwagwe tena, yajazwe dawa tena, na kahawa iharibike tena. Ndiyo maana wasafiri wengi hubaki kusini hadi Aprili, na wakiulizwa na ndugu zao, hujibu kwamba wamecheleweshwa na muziki.